SMS ya Komine Ilituita. Nani Alibaki Kujibu?



Wiki mbili zilizopita mdogo wetu mmoja, mwenye anamaliza masomo, alinitumia memwari yake nimsomee kabla ya kuipeleka kwa direkta wake. Kichwa chake ni kirefu kama barabara ya Uvira: tekinolojia ya kidijitali, usimamizi wa mashirika, maendeleo ya jamii ya mjini, mfano wa Bukavu. Nilisoma kurasa zote. Kazi imeandikwa vizuri, anketi ilifanyika, majedwali yapo. Lakini kwenye hitimisho nikakuta maneno ambayo sisi wote tumeyazoea: tekinolojia inaleta uwazi, inaharakisha kazi, inakaribisha raia kwa viongozi, shida ni kwamba mashine hazitoshi na watu hawajafundishwa.

Nikampigia simu. Nikamwambia, mdogo wangu, hitimisho hili unaweza kulipeleka Lubumbashi ama Kisangani bila kubadilisha neno. Sasa Bukavu iko wapi ndani? Akacheka, kisha akaniuliza: "Kaka, weye ungeandika nini?" Nilimwahidi jibu. Ninaliweka hapa kwenye ukurasa wetu, juu naona si yeye peke yake. Wengi wetu tulimaliza na hitimisho la namna hiyo, na mimi nikiwa mmoja wao.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Katika mji wetu mashine zimejifunza kutuita, kutuhesabu na kutukata pesa. Kujibu ndiko bado. Na mimi kusimamia tekinolojia ninakuelewa kwanza kama kazi ya kujibu: nani atasimama mbele ya watu siku mashine imekosea, siku rezo imekatika, siku mwenye projeti amefunga mizigo na kurudi kwao. Shirika lenye halina mtu huyo, hata likiwa na kompyuta mia, linatupa tu mzigo wake kwenye mabega ya raia.

Tuanze na mfano ambao kila mtu anaukimbilia, na mdogo wetu ameutumia kurasa sita. Ni haki yake, kwa sababu ni mfano wa kwetu kabisa. Karibu mwaka 2010 hadi 2012, Benki ya Dunia pamoja na wakubwa wa Kivu Kusini walijaribu bajeti shirikishi kwa njia ya simu. Bajeti shirikishi yenyewe haikuzaliwa hapa. Ilianza Porto Alegre, huko Brazil, mwaka 1989: wakaaji wanakutana, wanasema shida zao, wanachagua kazi gani ifanywe kwanza na pesa za mji. Kitu ambacho Kivu Kusini iliongeza ni simu ya mkononi. Watu wa eneo fulani walipata SMS ya kuwaita kwenye mkutano. Waliweza kupiga kura kwa SMS. Kisha SMS ikawaambia ni kazi gani imechaguliwa, na baadaye ikawauliza wanaionaje. Simu ndogo ya tochi ilitosha.

Tusisahau hali ya sheria wakati ule. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 175, inaipa provinsi asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inateremsha asilimia 40 ya fungu hilo la provinsi hadi kwa komine, sekta na shefferi. Kila mwanafunzi wa sheria ama wa utawala anazijua hesabu hizi kwa kichwa, na kila mkaaji anajua kwamba retrosesio haitembei hivyo. Basi kuona komine inaita raia wake, inawaonyesha pesa ngapi zipo na kuwauliza zifanye nini, ilikuwa habari kubwa. Ripoti za wakati ule zilisema mapato ya kodi katika sehemu fulani yalipanda hadi mara 16. Sababu wenyewe mnaielewa: mtu akiona franga yake imekuwa bomba la maji ama paa la shule, kesho hatajificha mwenye kukusanya kodi akipita.

Ninaupenda mfano huu, na kwa sababu ninaupenda nina maswali matatu juu yake.

La kwanza ni ile "hadi mara 16". Mdogo wetu ameiandika kwa herufi nzito. Lakini neno lenye kubeba mzigo ni "hadi": ni kiwango cha juu kabisa, si cha kila mahali. Tena, mara 16 ya nini? Tuchukue hesabu ya mfano tu. Komine yenye ilikuwa inakusanya dola 500 ikifika dola 8,000 imepanda mara 16. Ni hatua nzuri sana, hakuna wa kuicheka. Lakini mwenye kusikia "mara 16" akiwa Geneva anaona mji mpya, na sisi tulio huku tunaona kwamba mwanzo ulikuwa chini mno. Msomi anapaswa kuweka namba zote mbili mezani, ile ya kupanda na ile ya mahali ilipoanzia.

La pili ni nani alikuwa nyuma ya SMS. Tunasema "simu ilileta watu kwenye mkutano" kama vile simu ilijituma yenyewe. Kila SMS ilikuwa na mtu wa kuiandika, mtu wa kulipia, mtu wa kuandaa viti, mtu wa kuelezea bajeti kwa Kiswahili na Mashi, na mtu wa kurudi baadaye kusema kazi imefika wapi. Hao ndio walikuwa wanajibu. Simu ilikuwa kengele tu. Na watu hao walibebwa na projeti, na projeti ina tarehe ya mwisho.

La tatu linafuata hapo: kengele ikinyamaza, inabaki nini? Mimi ninakaa katika komine moja ya mji huu, sitaitaja. Katika parsele yetu tuko watu wazima wanane. Niliuliza mmoja mmoja, ni lini komine ilikutumia SMS ya kukuuliza kitu? Hakuna hata mmoja mwenye kukumbuka. Mama mzee wa nyumba ya nyuma akaniambia: "Mwanangu, mimi ile SMS napataka ni ya kuniambia mega yangu imeisha." Tulicheka sana, lakini jibu lake linafaa kuingia katika memwari. Mfano wetu mzuri unatajwa zaidi kwenye vitabu vya mbali kuliko kwenye mazungumzo ya avenyu zetu.

Hata hivyo nitautetea kwa jambo moja: ujumbe wake ulianza na swali. Tuone sasa ujumbe mwingine, wenye haukuuliza.

Mwaka 2020, mwezi wa 9, ilianza ile kodi ya RAM, daftari la simu za mkononi. Tuliambiwa ni ya kupambana na simu za wizi na za bandia. Simu ndogo dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G ama 4G dola 7, na zilikatwa moja kwa moja kwenye inite. Kwa macho ya fundi, RAM ilikuwa mafanikio makubwa: hakuna foleni, hakuna karatasi, hakuna wa kukusanya kodi akipita nyumba kwa nyumba. Kwa mlango wa kukata pesa, sijaona huduma ya Leta yenye kasi kama ile. Lakini kwa mwenye simu hesabu ilikuwa nyingine. Mama wa Nyamugo anaweka inite ya kumpigia mtoto wake, anakuta imepungua, anauliza: nani amekula inite yangu? Anaenda kwa kijana wa kabini, kijana hajui. Kampuni ya simu inaonyesha Leta, na Leta inaonyesha kompyuta. Na simu yenye iliibwa ku Feu Rouge haikurudi. Makelele yalifika kila pembe ya nchi, yakaingia hata bungeni, na mwanzoni mwa 2022 kodi hiyo ikaondolewa.

Sasa weka mifano hii miwili pamoja. Simu ni ileile, antena ni zilezile, watu ni walewale. Katika mfano wa kwanza watu walikubali kutoa zaidi ya zamani. Katika wa pili walikataa hata dola moja. Kwa hiyo mwenye kuandika kwamba "tekinolojia inaongeza mapato ya Leta" hajasema kitu bado. Kilichotofautisha ni kama kulikuwa na mtu wa kuuliza kabla na mtu wa kujibu baadaye. Mdogo wangu, kama anketi yako ingepima kitu hicho kimoja, ungekuwa na memwari yenye haijaandikwa bado.

Tuingie sasa ndani ya mashirika yenyewe, kwani kichwa cha memwari kinasema "usimamizi".

Mwaka jana nilienda katika biro moja ya mji huu kutafuta atestasio. Nimefika saa tatu asubuhi. Biro nzuri, kompyuta nne, printa mpya yenye bado ina plastiki. Sekretari ni mtu wa heshima, alinikaribisha, akanipa kiti. Kisha akaniambia: "Papa, mashini iko. Kode njo haiko. Kode iko na shefu, na shefu ako Kinshasa." Nikarudi kesho yake: umeme hakuna. Siku ya tatu umeme upo, kode imetumwa kwa WhatsApp, lakini rezo haiko. Mara ya nne nikapata karatasi yangu. Hesabu moto mara nne, kwenda na kurudi, kutoka Panzi. Nilipokuwa ninangoja niliona kwenye kabati, nyuma ya yule sekretari, madaftari makubwa ya zamani, yenye migongo myekundu. Jina langu lilikuwa mle ndani. Enzi za daftari, mtu yeyote wa biro angelifungua, angeweka kidole kwenye mstari, angeandika, angepiga muhuri.

Msinielewe vibaya. Daftari linaungua, linaloa, linaliwa na panya, na kurasa zake zinachanika siku mtu akitaka zichanike. Sililii daftari. Ninachosema ni kwamba kompyuta ilipoingia katika biro ile, haikuharakisha kazi tu. Ilihamisha uwezo. Kitu kilichokuwa juu ya meza ya wote kikaingia katika mfuko wa mtu mmoja. Yule sekretari ana miaka mingi ya kazi, anajua kila kitu, na sasa anaomba kode kama mtoto anayeomba ufunguo wa kabati la sukari. Tulidhani tumenunua mwendo, kumbe tumebadilisha nani ni mkubwa ndani ya biro, na hakuna mkutano wenye uliamua hivyo.

Na umeme. Mto Ruzizi unatoka katika ziwa letu, hapa hapa mjini. Ruzizi I ilijengwa miaka ya 1950, Ruzizi II ikaja mwaka 1989 na umeme wake tunagawana na Rwanda na Burundi. Kila mtu mwenye anakaa Bukavu anajua delestaji, hata mtoto wa shule ya msingi. Basi biro yenye inahamisha kazi yake yote kwenye kompyuta bila kuandika katika bajeti yake mafuta ya jenereta, betri, mega za mwezi na mtu wa kutengeneza, haiwezi kusema imeshangazwa. Inajua. Imeamua tu kwamba siku umeme ukikatika, mwenye kulipa ni yule aliyekuja na moto kutoka Panzi.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo tuko nao mifukoni. Karte za uchaguzi zilizotolewa kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, nyingi zilianza kufutika baada ya muda mfupi. Jina linafifia, picha inakuwa kivuli. Na mnajua karte hiyo si ya kura tu. Kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu: kwa benki, kwa kununua laini ya simu, kwa kuvuka, kwa kila barriere. Sura yetu na alama za vidole vyetu ziko salama ndani ya kompyuta za tume ya uchaguzi, lakini mkononi tuna plastiki nyeupe. Mashine inatujua, askari wa barabarani hatujui. Raia akaambiwa apange mstari tena, aombe dubliketi. Kosa lilikuwa la printa na la wenye kuichagua, lakini foleni ilikuwa ya raia.

Mwenye sheria atanikumbusha kwamba tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kode ya dijitali, yenye inalinda pia habari za mtu binafsi. Ni kweli, na ni vizuri iwepo. Lakini haki bila mlango wa kuipeleka ni maandishi mazuri tu. Muulize muuzaji wa ku Kadutu: habari zako zikitumiwa vibaya, utabisha mlango gani? Swali hilo pia linafaa anketi.

Mpaka hapa nimesema juu ya wakubwa. Sasa tuone jamii, watu wa chini, kwa sababu hapo nilijifunza kitu.

Mama yangu mdogo anauza sambaza ku soko ya Kadutu. Yeye na wenzake 20 wana likelemba: kila wiki kila mmoja anatoa dola 5, mmoja anabeba zote. Kwa miaka mingi pesa zilikaa katika kitambaa cha mtunza sanduku. Halafu wakahamia kwenye simu, kwa ajili ya usalama, na walikuwa na haki. Huduma hii ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika Kongo mwaka 2012, na hakuna kitu cha kidijitali ambacho mji huu umekipokea kwa mikono miwili kama hicho. Wakaamua pia kuweka akiba ya pamoja, ya magonjwa na vilio, kwenye simu ya mtunza sanduku.

Siku moja, katika msongamano wa soko, simu ikaibiwa. Si neno, wakasema, pesa haziko ndani ya simu, ziko kwenye namba. Wakaenda kurudisha namba. Hapo ndipo waligundua kwamba laini iliandikishwa kwa jina la mtoto wa dada yake, kwa sababu siku ya kuinunua yule mama hakuwa na karte. Na kijana ameenda Kalemie kutafuta maisha. Majuma sita pesa zilifungwa. Wenye ulimi mkali walianza kusema mtunza sanduku amekula. Wawili wakatoka. Mama yangu mdogo aliniambia hajawahi kuona likelemba yao ikikaribia kufa hivyo, hata wakati wa vita.

Kilichowaokoa ni daftari la kurasa 48. Mama mmoja, mwenye alisoma hadi darasa la sita, aliendelea kuandika kila mchango kwa bic, ijapokuwa wenzake walimcheka: "Weye uko bado na mambo ya zamani?" Wakati kijana alirudi na namba ikafunguka, hesabu ya simu na hesabu ya daftari zilikuwa sawa, hadi franga ya mwisho. Wakamuomba mtunza sanduku msamaha. Halafu, bila konsultant na bila ateliye ya siku tatu hoteli, wakaweka kanuni: laini iwe kwa jina la mwenye kuitumia, kila mara ya kutoa pesa wawepo watatu, daftari liendelee, na kila mwisho wa mwezi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote.

Nikasema moyoni, huu ndio usimamizi wa tekinolojia. Hawakukataa simu. Waliizungushia watu wa kujibu.

Na walifanya vizuri, maana majaribu makubwa yalikuwa njiani. Katikati ya Februari 2025 AFC/M23 iliingia mjini, na benki zikafunga milango. Mishahara ikakwama, akiba za watu zikabaki upande wa pili wa ukuta. Siku zile simu ndiyo ilikuwa benki, na mama wa kabini chini ya mwavuli wake ndiye alikuwa meneja. Alikuwa na pesa kidogo za mkononi, na watu wengi wa kutoa. Wengine walipandisha asilimia yao bila huruma, tusifiche. Lakini wako wengi wenye waligawa kidogo kidogo: weye unachukua 10 leo, mama huyu ana mgonjwa, aanze yeye. Walifanya hivyo kwa sababu wanakaa pale pale. Kesho wateja wale wale watapita mbele yao, watawaita kwa jina, watawauliza. Kompyuta ya mbali haina jirani.

Najua kuna wenye watanipinga, na hoja yao ni nzito. Watasema: kaka, unalaumu usimamizi, lakini shida yetu ni vita, ni umaskini, ni umeme. Na juu ya yote, wakubwa wakiamua wanazima kila kitu. Kweli. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20, na hakuna shirika la Bukavu lingeweza kuzuia. Siwezi kumwambia shefu wa biro azuie vita. Lakini ninaweza kumwambia kode iwe na watu wawili. Ninaweza kumwambia mwenye projeti aandike, kabla ya kununua kompyuta ya kwanza, nani atalipia mega mwaka wa tatu. Kwa sababu mji wetu unapigwa na mambo mengi yasiyo mikononi mwetu, ndiyo maana yale machache yaliyo mikononi mwetu hatuna ruhusa ya kuyapoteza. Wamama 20 wa sambaza wanaishi katika vita hivyo hivyo na delestaji hiyo hiyo, na waliweza.

Basi nimalizie nyumbani, kwa sababu si adabu kumsema jirani na ua wako ni mchafu.

Shirika letu hili la wenye diploma lina liste ya wanachama. Iko wapi? Iko kwenye faili moja ya intaneti, na neno la siri lilikuwa na katibu wa zamani, mwenye sasa anaishi Kanada. Ni mtu mzuri, anajibu, lakini anajibu wakati sisi tumelala. Mchango wetu wa vilio unapita kwenye namba moja ya simu. Ni ya nani? Iliandikishwa kwa jina gani? Mwaka uliopita, wakati mwenzetu alifiwa na baba yake, tulichangia, na hesabu ilitumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, ikafunikwa na salamu za asubuhi na picha za maua kabla nusu yetu hatujaisoma. Hakuna mtu aliiba. Lakini hata mama yangu mdogo hakuwa na mwizi katika likelemba yake, na karibu ife.

Kwa hiyo ninaleta mambo matatu kwa komite, na ninayaleta hadharani. Neno la siri la liste liwe na watu watatu, na mmoja wao awe mkaaji wa Bukavu. Namba ya michango iwe kwa jina la mhazini mwenyewe, na siku akibadilishwa, namba ibadilishwe siku ile ile. Na kila miezi mitatu hesabu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wetu, kutoka kwenye daftari la karatasi, hata kama ni watu kumi wamekuja. Kama sisi wenye kuandika memwari juu ya usimamizi hatuwezi kufanya kile wauza sambaza wameweza, basi tuache kuwafundisha watu.

Na wewe mdogo wangu, usitupe memwari yako. Iko nzuri. Futa tu lile hitimisho, rudi kwa watu wa anketi yako na swali moja la ziada: siku mashine ilikukosea, nani alikujibu, na ilichukua siku ngapi? Ulete majibu yao. Mimi nitakuwa wa kwanza kuyasoma.